Dari Haina Dini

Siku hiyo mji wa Uwanda uliamka ukiwa na tarehe mbili. Kwa nusu ya Waislamu wake ilikuwa Ramadhani ishirini na tisa, kwa nusu nyingine ilikuwa thelathini, na aliyewagawa hivyo hakuwa sheikh wala mwanazuoni. Alikuwa Mmoravian kutoka Rungwe, Tusekile Mwaijande, msimamizi wa Dari, ambaye tangu azaliwe hajafunga hata nusu siku.

Alikuwa akipita Mtaa wa Pampu huku ameficha chupa ya uji ndani ya koti. Hakuna sheria iliyomkataza kunywa uji barabarani, ila aibu nayo ni sheria. Juu yake anga ya Dodoma ilitanda, buluu tupu, na wingu moja jembamba upande wa mashariki. Wingu lile alilipanga mwenyewe jana jioni kabla ya kutoka kazini.

Juu ya anga hiyo kulikuwa na mita themanini za mwamba wa Mwezi. Uwanda ulijengwa ndani ya pango refu lililochimbwa na moto wa zamani chini ya uso wa Mwezi, na kama si Dari, watu elfu nne wangepata wazimu humo. Dari ilikuwa kioo kimoja cha picha kilichofunika pango zima, kikiwaonyesha mchana wa nyumbani, jioni ya nyumbani, nyota za nyumbani. Kila kitu kilikuwamo isipokuwa mwezi. Waasisi waliuondoa kwa makusudi. Walisema anayechora mwezi ndiye atakayetangaza Idi, na anayetangaza Idi kesho atatangaza Pasaka, na keshokutwa atataka kuhubiri. Wakaandika katika Katiba ya Makazi mstari mmoja, mfupi hata watoto wa chekechea wakaukariri: Dari haina dini.

Tusekile alikula kiapo kwa mstari huo. Kisha akauvunja, tena kwa huruma.

"Dada Tuse!" aliita Bi Zuwena, muuza mboga, akifuta majani ya mchicha kwa kitambaa. "Kesho usikose pilau. Sisi leo tunamaliza thelathini."

"Bi Zuwena, nilishawaambia. Ile haikuwa Dunia. Ilikuwa picha tu, mashine iliijazia."

"Mimi niliiona kwa macho yangu haya mawili. Nililia mpaka mtandio ukalowa. Na machozi yangu nayo yalikuwa picha?"

Duka la pili lilikuwa la Shamte, mdogo wake Bi Zuwena, ndugu wa toka nitoke. Shamte alikuwa amegeuza kiti chake kikatazama ukuta ili asimwone dada yake. Yeye alihesabu ishirini na tisa. Ndugu hawa walikuwa hawajaongea kwa siku kumi na moja, na Tusekile alipopita katikati yao aliisukuma chupa ya uji ndani zaidi ya koti.

*

Ilivyokuwa ni hivi.

Ukisimama juu ya Mwezi huwezi kuuona ukiandama, kama mtu asivyoliona paji la uso wake. Kwa hiyo Waislamu wa Uwanda, tangu walipofika, wanaitafuta Dunia. Siku ambayo watu wa nyumbani wanauona mwezi mwembamba kama ukucha, watu wa huku wanaiona Dunia karibu nzima, ila ukingo wake mmoja umeliwa na giza kidogo, kama chapati iliyoguguniwa na panya. Wenyewe husema, Dunia imemeguka. Dunia ikimeguka mwezi umeandama, na habari za redio kutoka nyumbani hazitakiwi, kwa sababu Sheikh Faki Kombo, Mpemba na mwenyekiti wa kamati ya mwandamo, anashikilia kwamba kila mji na mwandamo wake. Kwa ajili hiyo wanalipanda Jicho, kichumba cha kioo kilichochomoza juu ya uso wa Mwezi, na kutazama kwa macho matupu.

Lakini usiku ule wa kuingia Ramadhani kulikuwa na dhoruba ya jua. Miali yake ingemchoma mtu ndani ya Jicho, basi mlango ukafungwa kwa amri. Sheikh Faki, ambaye hakuwahi kuiamini kamera, alikuja mwenyewe hadi chumba cha mitambo.

"Tuonyeshe kilichopo, mwanangu," alimwambia Tusekile. "Kilichopo tu. Wewe hujapata kutudanganya."

Tusekile akazima anga ya Dodoma. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja Dari ikawa nyeusi, na mji mzima ukatoka nje, Waislamu na wasio Waislamu, wakainua nyuso. Tusekile akaiita kamera ya nje. Kamera ilikuwa imeungua. Ilileta chenga tupu.

Pembeni ya mkono wake kulikuwa na kitufe alichokibonyeza kila siku, mashimo yakitokea kwenye mawingu. Kiliitwa Jazia. Mashine ilichukua hesabu za nyota ikaziba penye pengo, na hakuna aliyewahi kulalamika kwa sababu ya wingu. Akawatazama watu kule chini, wazee waliosimama kwa magongo, wanawake waliobeba watoto mabegani. Alijiambia kwamba hesabu ni hesabu, na kwamba tenda wema uende zako. Akabonyeza.

Dunia ikafunguka juu yao.

Ilijaa kutoka ukuta hadi ukuta, buluu na nyeupe, na hakuna aliyepumua. Padri akavua kofia. Bwana Jitesh wa pampu akakutanisha viganja. Mtu mmoja akaanza kugumia kama mgonjwa, kisha wakasikika wengine, na haikuwezekana kujua nani analia kwa dini gani. Tusekile mwenyewe aliishika meza. Ukingoni mwa mashariki palikuwa na kivuli chembamba, cheusi, kinachoonekana wazi. Takbiri iliyopigwa ilitikisa vioo.

Siku ya tatu kamera ikatengenezwa, naye akapiga mahesabu yake mwenyewe. Jioni ile kivuli kilikuwepo kwa hesabu, lakini kwa wembamba ambao jicho la binadamu lisingeuona. Mashine iliundwa kupendeza watazamaji. Ilikinenepesha ili kionekane.

Hakulala na jambo hilo. Adhuhuri ya siku hiyo hiyo alisimama uani mwa msikiti akasema yote mbele ya watu. Nusu walimwamini wakaanza kuhesabu upya. Nusu hawakutaka kuamini, maana maji yakimwagika hayazoleki, na nani angependa kuambiwa kwamba kilichomliza kilikuwa kitufe?

Na hayo hayakuwa mwisho. Wiki iliyofuata barua zilianza kufika mezani kwake, zote za adabu, zote na mihuri. Wakatoliki waliomba nyota ya Krismasi. Bwana Jitesh aliomba taa za Diwali. Wasabato waliomba jua la Ijumaa lizame mapema kidogo. Wamoravian wenzake, tena kwa saini ya mjomba wake, waliomba alfajiri ya Pasaka iwe nyekundu zaidi ili matarumbeta yapendeze. Kila barua ilianza vile vile: kwa kuwa Waislamu wamepewa.

*

Mkuu wa Makazi, Bwana Rwegoshora, hakumpa hata nafasi ya kukaa.

"Kamera leo ni nzima?"

"Nzima, Mkuu."

"Vizuri. Magharibi ya Dodoma ikiingia, unaionyesha Dunia kwenye Dari. Moja kwa moja, bila kujazia, ukweli mtupu. Ikiwa imemeguka, wote wataiona. Wa thelathini wamemaliza, wa ishirini na tisa wameona mwezi. Kesho tunakuwa na Idi moja na mji wangu unapona."

Tusekile alipima maneno yale akaona hayana kasoro. Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amekonda mwezi huo kama aliyefunga pamoja nao.

"Na ikiwa haijameguka?" akauliza.

Bwana Rwegoshora alitazama kucha zake.

"Wewe ni mtaalamu," alisema mwishowe. "Utajua la kufanya."

"Hapo ndipo penye tatizo, Mkuu."

"Tatizo?" Sauti yake ilipanda. "Juzi vijana wawili wametoana meno kwenye foleni ya maji. Mmoja anamwita mwenzake mla mchana. Wakiuana, hiyo Katiba yako itawafufua?"

Tusekile aliweka mikono nyuma.

"Mkuu, nikiionyesha leo ikiwa kweli, mwaka ujao watasubiri niionyeshe tena. Hawatapanda Jichoni. Watakaa chini, watainua nyuso, wataniuliza mimi ni lini wamwabudu Mungu wao. Na barua nyingine zote zipo mezani. Nitamnyima nani?"

"Asiyeziba ufa hujenga ukuta, dada yangu."

"Ufa niliutoboa mimi. Nikiuziba kwa udongo ule ule nitakuwa nimeziba nini?"

Bwana Rwegoshora alipumua kwa nguvu. Hakumfukuza kazi, ingawa uso wake ulionyesha kwamba amelifikiria hilo.

"Utapanda na kamati?"

"Sheria inataka afisa wa Dari ashike mlango wa hewa."

"Basi macho unayo. Ukiiona imemeguka, sema tu neno moja. Mdomo haujapigwa marufuku."

*

Jicho lilibeba watu wawili tu, mmoja wa kutazama na mmoja wa kushika mlango. Wajumbe wawili wa kamati walikuwa wamekwisha kupanda na kushuka mmoja mmoja, afisa mwingine wa Dari akiwashikia mlango, na wote wawili walisema hawakuona kitu. Akabaki Sheikh Faki, na zamu ya mlango ikawa ya Tusekile. Kwa makubaliano ya tangu zamani muda wa kutazama ulikuwa nusu saa kuanzia Magharibi ya Dodoma, na katika nusu saa hiyo zilibaki dakika kumi na mbili.

Mzee alipanda ngazi akihema. Miaka thelathini alikuwa fundi wa kuchomelea, kumi na mmoja kati ya hiyo nje kabisa, kwenye vumbi la Mwezi, na moto wa kuchomelea ulikuwa umemlipa kwa mtoto wa jicho. Daktari alimwomba mara mbili amwachie mwingine uenyekiti. Hakutaka kusikia.

"Fungua, mwanangu."

Tusekile akavuta mkono wa chuma, na kifuniko kilichoziba kioo kikateleza.

Alikuwa ameiona Dunia mara nyingi kwenye mitambo yake, kubwa, ndogo, yenye rangi za kuongezwa. Kwa macho matupu hakuwahi. Ilining'inia juu ya vilima, mahali pale pale ambapo haizami wala haichomozi, na ilikuwa hai. Mwanga wake uliufunika uwanda wote wa nje kwa rangi ya maziwa yenye buluu, ukaingia ndani ya Jicho, ukapanda juu ya mikono yake na ndevu za mzee. Hapakuwa na sauti yoyote. Aliushika mkono wa chuma kwa mikono yote miwili. Kila mtu aliyepata kuzaliwa na kufa bila kulifikia pango hili alizaliwa na kufa pale. Manabii wote walitembea pale. Aliona haya kwamba aliwahi kudhani kitu hiki kinahitaji kurembwa.

Ndipo akaona ukingo.

Upande wa mashariki, duara halikukamilika. Uzi wa giza ulikuwa umepita pale, mwembamba, laini, si kama ule mnene wa mashine. Ukiutazama moja kwa moja ulikimbia, ukiuacha ulirudi. Lakini ulikuwepo. Macho yake ya miaka ishirini na tisa hayakuwa na shaka.

Na alielewa anachokiona. Uzi ule wa giza ulikuwa ni Magharibi ya nyumbani. Saa hiyo hiyo, ndani ya giza lile jembamba, watu walikuwa wamesimama fukweni, juu ya mapaa na viwanjani, wameinua nyuso wakitafuta mwezi. Walikuwa wanamtafuta yeye na huyu mzee na pango lao lote, na wao huku wanawatafuta wale, na kilichowatenganisha kilikuwa anga tupu isiyo na mwenyewe.

"Sahani naiona," alisema Sheikh Faki. "Mashallah, naiona. Ukingo ndio unanipiga chenga."

Tusekile aliuma ulimi.

Neno moja tu. Imemeguka. Hata neno lisingehitajika, kidole kingetosha, au kugeuza kichwa. Idi ingekuwa moja. Zuwena na Shamte wangekula sahani moja kesho asubuhi, wale vijana wangeombana radhi, Mkuu angelala usingizi. Na safari hii lingekuwa kweli! Hilo ndilo lililomchoma zaidi. Usiku ule alisema uongo na mji ukamwamini, leo anao ukweli mkononi na hana ruhusa ya kuutoa.

Akagundua kwamba macho yake yameganda upande wa mashariki, na kwamba mzee angeweza kuyafuata. Akayaondoa. Akayashusha kwenye saa ya hewa, kipande cha chuma chenye mshale, kazi aliyoajiriwa kuifanya, na akayaacha hapo. Dunia ilikuwa mbele yake, yote, huenda asiione tena hivi maisha yake yote, na yeye alikuwa anatazama mshale. Machozi yalimtoka akayaacha yashuke.

Dakika tano. Mzee alifuta macho kwa kikoi, akatazama, akafumba jicho moja, akatazama. Dakika mbili. Alikuwa anasoma dua kwa sauti ya chini, na Tusekile, kwa lugha ya mama yake, alikuwa anaomba pia, kwamba Mungu amfungulie mzee huyu macho. Hilo hakuna Katiba iliyolikataza.

Kengele ndogo ililia. Muda ulikwisha.

Sheikh Faki hakusogea. Alisimama na viganja vyake juu ya kioo kama mtu aliyeegemea dirisha la nyumba yake.

"Haya, ibada imekwisha," alisema polepole. "Sasa natizama tu, kama mtu mwengine yeyote. Nnambie, mwanangu, wewe unaijua ramani. Pwani yetu iko wapi hapo? Pemba yangu iko upande gani?"

Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa ndani ya uzi wa giza. Kumwambia ilipo ni kumwambia kila kitu, na kumdanganya hakuweza, si kwa mara ya pili.

"Sheikh," alisema Tusekile, "hilo naomba uniulize keshokutwa."

Mzee akageuka. Mwanga wa buluu ulimpiga upande mmoja wa uso. Alimtazama Tusekile, akayaona mashavu yaliyolowa, akaiona mikono iliyoshika chuma mpaka vifundo vikawa vyeupe. Akalifikiri lile jibu, na Tusekile aliona wazi linavyomwingia kidogo kidogo.

"Subhanallah," alinong'ona. "Umesimama hapa na mimi, ukijua. Muda wote huu."

"Kazi yangu hapa ni mlango, Sheikh."

Sheikh Faki aliitazama tena Dunia, ule upande wa mashariki sasa, kwa uchu wa mtu mwenye kiu. Alikaza macho mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Tusekile alijua anachokifikiri, maana na yeye alikuwa amekifikiri dakika kumi zilizopita. Redio ilikuwa kifuani kwa mzee. Chini ya ngazi mji ulikuwa unasubiri neno lake, na hakuna mtu hata mmoja Uwanda ambaye angelitilia shaka. Kusema tumeuona, basi. Ingekuwa kweli, na wote wangepona.

"Macho yangu yamekwisha," alisema mzee, kwa sauti iliyovunjika. "Mwakani atapanda mwengine."

Akabonyeza redio. Sauti ilitoka imara, ya mtu aliyezoea kusikika mbali.

"Hapa ni Faki Kombo. Mimi sikuuona. Kamati haikuuona. Sisi tunakamilisha thelathini. Na wenzetu wanaosherehekea kesho, Mungu awapokelee funga yao, na mtu asiwaguse."

Kutoka chini, kupitia mita themanini za mwamba na ngazi, ulipanda mngurumo wa watu, wengine wakishangilia, wengine wakilalamika. Tusekile aliweka mkono juu ya chuma cha kufungia kifuniko, akangoja amri.

"Usifunge bado," alisema Sheikh Faki. Alijisogeza kando, akampisha nafasi mbele ya kioo. "Njoo utizame, mwanangu. Hujatizama."